Namna ya kurekodi albamu ndani ya siku tano, kwa mfano wa Young Marble Giants

Mara ya kwanza kuisikia Colossal Youth nilidhani faili limeharibika. Ilikuwa mwaka 2011, zamu ya usiku, nikiwa fundi mitambo kwenye kituo kimoja cha redio hapa Tanga. Mwenzangu wa zamu alikuwa ameniachia flashi yenye nyimbo za kila namna. Nikabonyeza wimbo wa kwanza: gitaa moja linakatakata, besi inaimba juu juu kama gitaa la pili, kitu kinatikatika nyuma kama saa ya ukutani, na msichana anaimba kama mtu anayejisemea peke yake huku akikunja nguo. Drams hakuna. Nikakagua waya, nikageuza hedifoni, nikahamia chaneli nyingine. Waya ulikuwa mzima, hedifoni nzima. Wimbo ulikuwa umekamilika vivyo hivyo ulivyo.

Wimbo ule unaitwa "Searching for Mr. Right". Walioupiga ni Young Marble Giants, vijana watatu wa mji wa bandari wa Cardiff, Wales. Colossal Youth ndiyo albamu kamili pekee waliyoirekodi. Ilitoka Februari 1980, imerekodiwa kwa siku tano, kwa gharama ya takriban pauni 1,000. Wapenzi wa nyu wevu, ule muziki uliochipuka Uingereza na Marekani baada ya panki, yaani roki ya haraka na ya kelele, wanaishika albamu hii kama watu wanavyoshika kanda za marehemu babu yao: hawaiazimishi hovyo.

Siku hizi narekodi watu nyumbani kwangu, mtaa wa Chumbageni, kwenye chumba kilichokuwa cha wageni. Vijana wanaokuja huniuliza swali lile lile. "Dada, kwa hela hii ndogo nitapata albamu kweli?" Jibu langu ni ndiyo, kama utakuwa tayari kuacha vitu vingi nje ya mlango. Ninachoandika hapa ndicho ninachowaambia wakikaa. Mimi na mdogo wangu tumeshakifanya wenyewe, Desemba iliyopita, tukapata nyimbo tisa ambazo mama yetu anazisikiliza mpaka mwisho.

Anza kwa kusikiliza

Usiisikilizie kwenye spika ya simu. Spika ya simu inameza besi, na humu besi ndiyo inayobeba nyimbo. Utasikia nusu ya albamu ukadhani umeisikia yote. Tafuta hedifoni za kufunika masikio, hata za bei ndogo. Subiri watu wa nyumbani walale. Zima feni, hata kama kuna joto, maana feni inafunika mambo mengi sana katika muziki huu.

Piga "Searching for Mr. Right" mara tatu. Mara ya kwanza fuata besi tu, kama unavyomfuata mtu sokoni usimpoteze. Mara ya pili fuata gitaa, uhesabu ni mara ngapi linanyamaza. Mara ya tatu usifuate chombo chochote, sikiliza kilichobaki katikati ya vyombo. Ukishafika hapo nenda "Music for Evenings", kisha "Brand - New - Life", umalizie na "Salad Days" ambao ni mfupi na mtupu kiasi kwamba mara ya kwanza nilishika pumzi bila kujua.

Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tuna masikio ya kazi hii. Tumezoea kufuata solo, ridhimu na besi zikijibizana. Tofauti ni kwamba humu anayejibu anasubiri mpaka mwenzake amalize kusema.

Andika kwanza usivyovitaka

Kundi lilianza mwaka 1978. Ndugu wawili, Stuart na Philip Moxham, pamoja na mwimbaji Alison Statton. Stuart alipiga gitaa na kinanda, naye ndiye aliyetunga karibu nyimbo zote. Philip alishika besi. Wakati huo panki ilikuwa imeshapita na kelele zake, na kila kundi lilikuwa linataka kupiga kwa nguvu kuliko jirani. Hawa wakaenda upande wa pili. Mpiga drams hawakuwa naye, na hawakumtafuta. Binamu yao, Peter Joyce, alikuwa fundi simu mwenye mapenzi na elektroniki, akaunda mashine ya midundo kwa mikono yake. Midundo ile ikarekodiwa kwenye kaseti. Jukwaani walikuwa wanaweka kaseti, wanabonyeza, wanapiga juu yake.

Fikiria hiyo hali. Kaseti haimsubiri mtu. Haiongezi mwendo kwa sababu watu wamechangamka, haipandishi sauti kwenye kiitikio. Kwa hiyo kila kitu kingine kililazimika kupimwa: gitaa lisijaze, sauti isipige kelele, besi isitulie chini kama kawaida yake maana hakuna mwingine wa kubeba melodi. Upungufu mmoja uliokubaliwa mapema ukapanga albamu nzima.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ninayompa mtu ni karatasi na kalamu. Andika usivyovitaka, siyo unavyovitaka. Ukiandika unavyovitaka orodha haiishi, na kompyuta ya leo itakupa vyote bure. Ina magitaa 300 ndani yake, violini, kwaya, kengele za Krismasi. Mwaka 2006 nilirekodi wimbo wangu kwenye studio moja Dar es Salaam. Nililipa akiba ya miezi minane. Prodyuza alikuwa mtu mwema na mchapakazi, akaongeza kinanda, akaongeza vinubi, akairudufu sauti yangu mara nne, akaitia mwangwi hadi ikawa kama naimba ndani ya tangi la maji. Nilipoupeleka wimbo nyumbani mama alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa wewe unaingia wapi?" Nilikuwa nimeshaimba beti mbili.

Orodha yetu ya Desemba iliyopita ilikuwa hivi, nimeinakili kutoka ukutani: hakuna mwangwi kwenye sauti, hakuna sauti ya pili ila kwenye wimbo mmoja, hakuna matoazi, kinanda kisizidi nyimbo mbili, hakuna wimbo kupita dakika tatu. Mdogo wangu alitaka kuongeza "hakuna kurudia zaidi ya mara tatu", nikakataa, baadaye nikaona yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Dakika tatu siyo namba ya kubahatisha. Colossal Youth ina nyimbo 15, na nyingi hazifiki hapo. Wakishasema walichotaka kusema, wanaacha. Hakuna kurefusha kiitikio mara nane ili watu wakishike.

Midundo

Huna haja ya kuunda mashine. Programu yoyote ya bure ya simu itakupa midundo. Chagua sauti mbili tu, moja nzito na moja ya kutikatika. Nasema mbili. Ukiweka ya tatu utaanza kupanga drams, na ukianza kupanga drams utataka zisikike kama mtu anapiga, na hapo umeshapotea njia. Mashine ya Young Marble Giants haijifanyi mtu. Inatikatika, inapumua kidogo kwa kelele zake za umeme, inakaa nyuma.

Sasa kuna kazi moja ndogo ambayo watu wanaipuuza. Mdundo wa simu ni msafi kupita kiasi, una ncha kama sindano, hauna chumba. Usiuingize moja kwa moja kwenye kompyuta. Chukua redio ndogo yenye sehemu ya kuchomekea, ile ya mbao au plastiki ambayo mzee anasikilizia taarifa ya habari. Pigia mdundo humo. Weka redio juu ya kiti chenye mto, weka maiki umbali wa mkono mmoja, rekodi kile kinachotoka kwenye redio. Utapoteza sauti kali za juu na mzito wa chini. Kitakachobaki ni kama mtu anagonga kiberiti kwenye meza ya chumba cha pili. Tulijaribu redio tatu. Ya fundi cherehani jirani yetu, ambayo spika yake imetoboka kidogo, ndiyo iliyotupa tulichokitafuta, na tulimrudishia jioni ile ile na mkate wa mofa.

Kiwango chake kiweke chini. Mimi nina kipimo: nikitoka chumbani nikafunga mlango, mdundo usisikike, sauti ya mwimbaji isikike kidogo. Ukifungua mlango ndipo uujue upo.

Rekodi mdundo wa wimbo mzima mara moja, uuache. Usiukatekate baadaye. Ukikosea juu yake, rudia wewe.

Kiganja juu ya nyuzi

Hapa nitakaa, maana ndipo wengi wanaposhindwa na ndipo albamu hii inapofundisha zaidi.

Gitaa la Stuart Moxham lilikuwa Rickenbacker, na analipiga karibu muda wote akiwa amezibana nyuzi kwa kiganja. Sauti inatoka fupi, kavu, yenye noti lakini haina mkia. Wengi wanajua kubana nyuzi kutoka kwenye roki nzito, wanabana huku wameongeza mkwaruzo wa amplifaya. Humu hakuna mkwaruzo wa kujificha. Kila noti inaonekana kama jino.

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono. Shika gitaa. Mkono wa kulia, ule upande wa kidole kidogo, ambao ukiandika ndio unaopata wino, ulaze juu ya nyuzi pale zinapotokea kwenye daraja la gitaa, kile kipande kinachozishika nyuzi kwenye tumbo la gitaa. Usibonyeze. Ulaze kama unavyolaza mkono juu ya mtoto aliyelala. Piga uzi wa tano. Ukisikia "tup" bila noti, umeingia ndani mno, rudi nyuma kuelekea daraja, unene wa ukucha. Ukisikia uzi unalia na kuendelea, umetoka mno. Kati ya hizo mbili pana mahali padogo sana, hata nusu sentimita hapafiki, ambapo noti inasikika wazi kisha inakufa mara moja. Ukipapata, chora alama ya kalamu kwenye gitaa pale kiganja kinapoishia. Usione haya. Mdogo wangu, ambaye nyimbo mbili alishika gitaa badala ya besi, alichora kwa rangi ya kucha ya mke wake, na alama ipo mpaka leo.

Ukishapata mahali, kazi inayofuata ni ngumu zaidi: kuinua kiganja. Sikiliza vizuri utasikia gitaa la albamu hii halibanwi tu, linafunguliwa pia, mara chache, noti moja au mbili, na hizo noti zikifunguliwa chumba chote kinapata mwanga. Ukifungua kila mahali, mwanga hakuna. Fanya zoezi hili: piga mzunguko wa kodi nne, yaani mafungu manne ya noti zinazolia pamoja, mara nane, ukiruhusiwa kuinua kiganja mara moja tu. Amua wapi. Kesho yake rudia, badilisha mahali. Baada ya wiki utajua wimbo wako unataka wapi.

Nyuzi kuukuu zinafaa kuliko mpya. Nyuzi mpya zinameremeta, zinataka kulia. Kama umebadilisha karibuni, piga wiki mbili ndipo urekodi.

Besi

Kuhusu besi nitasema machache. Ipandishe. Mpiga besi acheze kuanzia freti ya tano, ile pau ya tano ya chuma kwenye shingo ya besi, kwenda juu, aimbe melodi, na ajue kwamba gitaa likikaa kimya yeye ndiye wimbo. Philip Moxham anafanya hivyo karibu kila mahali. Kama mpiga besi wako amezoea kusindikiza tu, mpe maneno ya wimbo ayasome kabla ya kushika chombo. Mimi nilimwambia mdogo wangu apige beti la kwanza kana kwamba ndiye mwimbaji na mimi sipo. Alipomaliza nilikuwa sina la kuongeza kwenye beti hilo, nikaliacha bila maneno.

Kuimba karibu

Alison Statton haimbi kwa nguvu. Kuna watakaokwambia hajui kuimba, hasa waliozoea taarab au injili, ambako mwimbaji anatarajiwa kupanda, kushuka na kupamba. Nawaheshimu, na mama yangu ni mmoja wao. Lakini anachokifanya Statton ni kigumu. Anaweka kila neno mahali pake bila kulipamba, bila kulilia, na maneno ya Stuart, ambayo mengi ni ya huzuni na ya mapenzi yaliyokwisha, yanakuja kwako bila mtu kukuambia uhuzunike.

Ili ufanye hivyo, kwanza teremsha ufunguo wa wimbo, yaani uimbe chini zaidi. Wanawake wengi wanaokuja kwangu wanaimba juu kuliko sauti yao ya kuzungumza kwa sababu wanafikiri juu ndiko kuliko na uimbaji. Tafuta noti unayoitumia ukimwita mtoto aliye chumba hicho hicho, siyo aliye nje barabarani. Jenga wimbo kuizunguka hiyo.

Pili, umbali. Shibiri moja kutoka mdomoni hadi kwenye maiki, na maiki iwe pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipige. Tundika blanketi zito nyuma yako, siyo nyuma ya maiki, maana sauti unayotaka kuizuia ni ile inayogonga ukuta wa mgongoni kwako na kurudi. Kaa. Usisimame. Ukisimama mwili unadhani uko jukwaani.

Tatu, soma maneno kwa sauti ya kawaida mara mbili kabla ya kuimba, kama unamsomea mtu barua yake. Mara ya tatu bonyeza kurekodi.

Na kama mapafu yako yanasikika yakivuta hewa, yaache.

Siku tano zenyewe

Young Marble Giants walirekodi Foel Studio, mashambani katikati ya Wales. Fundi alikuwa mwenye studio, Dave Anderson, ambaye aliwahi kupiga besi kwenye kundi la Hawkwind. Nyimbo walikuwa wanazijua. Walikuwa wameshazipiga mbele ya watu, na kaseti ya midundo ilikuwa tayari. Waliongeza vitu vichache mno juu ya walichopiga pamoja. Siku tano zinatosha kwa sababu hakuna hata moja iliyotumika kutafuta wimbo.

Kwa hiyo usihesabu siku tano mpaka uwe na mwezi wa mazoezi. Sisi tulifanya wiki sita, kila Jumanne na Alhamisi baada ya isha, bila amplifaya, sebuleni. Wimbo ambao haukusimama bila umeme tuliuacha. Tulianza na 14, tukabaki na tisa.

Kuhusu saa za kurekodi: chora ratiba ya mtaa wako. Kwetu kunguru wanatembea juu ya bati kuanzia alfajiri, bodaboda hazipungui mpaka saa nne usiku, na msikiti uko hatua chache. Tukaona muda mzuri ni saa nne na nusu usiku hadi saa nane. Mchana tulisikiliza ya jana na kulala.

Siku ya kwanza tuliweka midundo yote na kupanga maiki. Siku ya pili tulitegemea nyimbo nne, tukapata mbili. Siku ya tatu umeme ukakatika usiku saa tano, tukiwa katikati ya wimbo. Laptopu ilikuwa na chaji, maiki inakula umeme wa laptopu, lakini amplifaya ya besi ilikuwa imekufa. Mdogo wangu akasema tujaribu hivyo hivyo. Akaegemeza shingo ya besi kwenye kabati la nguo, mbao kwa mbao, kabati likawa linavuma kila noti. Tukaweka maiki ndani ya kabati, katikati ya mashuka. Tulipiga nyimbo tatu kwa mfululizo gizani, na hizo tatu ndizo bora kuliko zote. Nakushauri ujaribu kabati hata kama umeme upo.

Siku ya nne nilifanya kosa ambalo albamu yenyewe ingenionya. Niliimba wimbo mmoja mara 17. Nilipoisikiliza mara ya pili na ya kumi na saba pamoja, ya pili ilikuwa na neno moja limeteleza na ilikuwa hai, ya kumi na saba haikuwa na kosa na haikuwa na mtu ndani yake. Tulitumia ya pili. Weka kikomo cha mara tatu, ukishindwa nenda wimbo mwingine urudi kesho.

Siku ya tano ni ya kumiksi, yaani kupima kila sauti ikae wapi na kwa kiwango gani. Saa moja kwa kila wimbo, weka kengele ya simu. Besi na sauti ya mwimbaji ziwe katikati, gitaa lisogeze upande mmoja, mdundo upande wa pili kidogo. Basi. Kishawishi kikubwa cha siku hii ni kuona mahali patupu ukataka kupajaza. Soma tena karatasi ya ukutani.

Majina, mafaili, na subira

Watu wengi hawajui albamu hii ilifikaje sokoni. Mwaka 1979 wanamuziki wa Cardiff walikusanya nyimbo zao kwenye albamu moja ya pamoja, Is the War Over?, iliyotolewa na lebo ndogo ya mjini humo, Z Block. Young Marble Giants walikuwa na nyimbo mbili humo. Geoff Travis wa lebo ya Rough Trade, London, akazisikia, akawachukua. Nyimbo mbili katikati ya za wenzao. Kama mpo makundi sita mtaani na kila mmoja ana wimbo mmoja au miwili mizuri, itoeni pamoja kwanza. Mtu anayemtafuta mmoja wenu atawasikia wote.

Baada ya albamu walitoa rekodi fupi, "Final Day", mwaka huo huo wa 1980, wimbo wa chini ya dakika mbili kuhusu siku ya mwisho ya vita vya nyuklia, noti moja kali ikivuma ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukitaka kujua noti moja inaweza kufanya nini, usikilize. Mwisho wa mwaka huo kundi lilikuwa linavunjika. Mwaka 1981 ikatoka Testcard, rekodi fupi isiyo na maneno, basi. Statton akaendelea na kundi la Weekend, Stuart akaanzisha The Gist. Baadaye Stuart alifanya kazi ya kupaka rangi picha za katuni za filamu ya Who Framed Roger Rabbit.

Albamu haikuvunjika nao. Kurt Cobain wa Nirvana aliiandika kwenye daftari lake kati ya albamu 50 alizozipenda kuliko zote. Mwaka 1994 kundi la Hole la Courtney Love likaimba upya "Credit in the Straight World". Mwimbaji Étienne Daho wa Ufaransa alikuwa ameshauchukua wimbo mmoja wa The Gist akautilia maneno ya Kifaransa, ukapendwa sana kule. Mwaka 2007 lebo ya Domino ikaitoa upya Colossal Youth pamoja na nyimbo nyingine zote, na mwaka huo kundi likapanda tena jukwaani, Wales. Mwaka 2015 walipiga London kwenye tamasha la Meltdown, waliloalikwa na David Byrne wa Talking Heads. Hesabu mwenyewe: kutoka mwaka albamu ilipotoka hadi hapo ni miaka 35.

Kwa hiyo fanya haya siku ile ile unayomaliza, usingoje kesho. Mafaili ghafi, kila chombo peke yake, yaweke sehemu mbili: moja kwako, nyingine nyumba nyingine kabisa. Sisi nakala moja iko kwa mama, ndani ya kopo la biskuti. Andika kwenye karatasi nani ametunga maneno, nani melodi, nani amepiga nini, kwa asilimia, na kila mmoja atie sahihi, hata kama mmezaliwa tumbo moja. Hasa kama mmezaliwa tumbo moja. Kisha sajili nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Siku mtu wa mbali akitaka kuuimba wimbo wako, aulize nani na apate jibu.

Na kuhusu wimbo wa mwisho. Colossal Youth inafunga kwa "Wind in the Rigging", upepo unaopita kwenye kamba za mlingoti, wimbo usio na maneno. Mtu wa pwani haelezwi sauti hiyo ni ipi. Nakushauri nawe ufunge bila maneno, msikilizaji awe peke yake na vyombo kabla hujamwacha. Sisi tulifunga kwa besi ya kabatini. Mdogo wangu alipomaliza aliondoa mikono, mdundo wa redio ya fundi cherehani ukaendelea peke yake sekunde 11 kabla sijaubonyeza. Alitaka niukate. Niliuacha, pamoja na ule mlio mdogo wa kitufe.